Bi Waya na Taa ya Skuta ya Mkunga

Wateja walidhani Bi Waya ameitwa hivyo kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa fundi wa umeme wa pikipiki, na kwenye kibanda chake cha mabati waya zilining'inia kila upande, nyekundu, nyeusi na kijani, hata mgeni akiingia lazima ainame. Lakini ndugu zake walijua ukweli. Jina lile alilipata akiwa darasa la tatu, kwa wembamba wake tu. Mama yao alikuwa akisema upepo ukivuma huyu inabidi ashikwe mkono. Sasa alikuwa na miaka arobaini na miwili, bado mwembamba vilevile, na kwa mambo ya taa, honi na chaji hakuwa na mpinzani mtaani.

Mdogo wake wa kumfuata alikuwa mkunga. Zahanati aliyofanyia kazi ilikuwa ng'ambo ya kilima, na watoto hawachagui saa ya kuzaliwa, kwa hiyo mkunga alikuwa mtu wa kupita barabarani giza likiwa limeshaingia. Alikuwa na skuta ndogo ya bluu iliyopita mikononi mwa watu watatu kabla ya kumfikia yeye. Injini yake ilikuwa nzima. Taa yake ya mbele ndiyo ilikuwa ya kuhurumiwa.

"Dada, taa yangu inamulika tairi tu," alilalamika mara kwa mara. "Shimo nalijua nikishaingia."

"Nitakutengenezea, mdogo wangu. Wiki hii haiishi."

Wiki iliisha, ikaisha na nyingine, mpaka zikafika sita. Kila mteja alikuwa na haraka zake, na anayewekwa kando siku zote ni ndugu, kwa kuwa ndugu hatakwenda kwingine.

Jioni moja mkunga akaja kibandani na matope hadi kiunoni. Hakusalimia.

"Jana usiku nimeingia mtaroni," alisema. "Kama hutaki kuitengeneza sema, dada, nitafute fundi mwingine. Nina zamu saa mbili."

Bi Waya aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Akaifungua taa palepale. Akaweka mita kwenye betri: volti kumi na mbili na nusu. Akaweka kwenye balbu: tisa na kidogo. Ugonjwa ulikuwa wazi. Waya za kiwandani zilikuwa nyembamba kama uzi wa cherehani, viungo vilikuwa na kutu, umeme ulikuwa unapotelea njiani. Na kile kikombe cha ndani, kinachotakiwa king'ae ili kiurushe mwanga mbele, kilikuwa kimefifia kwa vumbi la miaka. Dawa yake aliijua: kusafisha kikombe, kuvuta waya nene kutoka kwenye betri, kufunga relei ili taa ipate umeme wake moja kwa moja bila kuzungukia kwenye swichi, kisha kuweka balbu ya saizi yake. Kazi ya nusu siku.

Mkunga alikuwa anatazama saa.

Kwenye droo kulikuwa na balbu nyeupe za mtindo mpya, zinazokula umeme kidogo na kutoa mwanga mkali. Hazikutengenezwa kwa taa za namna ile, na Bi Waya alilijua hilo fika. Akachukua moja akaipachika. Haikukaa sawasawa, akaitilia kipande cha mpira ili isicheze. Alipowasha, ukuta wa jirani ukawa mweupe kama shuka jipya.

"Ee Mungu wangu! Mchana huu!" Mkunga alisahau hasira, akamkumbatia dada yake na matope yake yote.

Taa ikishatengenezwa hupimwa. Skuta husimamishwa mbele ya ukuta, mwenyewe hukaa juu yake, fundi huchora mstari wa chaki na kuhakikisha mwanga hauvuki mstari ule, usije ukawachoma macho wanaokuja mbele. Ni kazi ya dakika kumi. Bi Waya alimtazama mdogo wake anavyofunga kofia ngumu, akasema moyoni, nitaipima kesho.

Kesho yake, kabla hajanywa chai, mtu wa kwanza alikuwa amesimama mlangoni na pikipiki yake. Alikuwa ameiona ile taa kilimani. "Nifungie kama ya mkunga." Katika mwezi mmoja Bi Waya alifunga balbu nane za namna ile, ukihesabu na ya mkunga. Moja aliifunga kwa mpita njia ambaye hakumuuliza hata anakaa wapi. Hakuna hata moja aliyoipima ukutani. Watu walisifu, na sifa zile alizipokea.

Siku moja asubuhi seremala wa mtaa wa pili akaingia kibandani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, na kazi yake ya vitanda na makabati ilijulikana mbali. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, na shavu lake lilikuwa limechunika.

"Pole, mzee wangu! Imekuwaje tena?"

"Baiskeli, mama. Alhamisi. Nilikuwa narudi nyumbani, kama saa mbili kasoro hivi, nimefika pale kwenye daraja dogo. Mara kikatokea kitu mbele yangu, mwanga huo! Sijui nikueleze vipi. Sikuona daraja, sikuona mkono wangu mwenyewe. Nikashtukia niko chini kwenye mawe." Alijaribu kucheka. "Nilipiga kelele, lakini aliyepita akapita."

Bi Waya akaweka bisibisi chini. Ijumaa ile asubuhi mkunga alikuwa ametoka zamu, wakanywa chai pamoja, akasimulia huku akicheka kwamba jana yake pale darajani kuna mtu alimpigia kelele. "Watu wana wivu na taa yangu," alikuwa amesema.

"Sasa nimekuja kwako," seremala aliendelea, "kwa sababu wewe ndiye unayezijua taa. Hebu niambie, pikipiki inaweza kuwa na mwanga wa namna ile?"

Hapo ndipo Bi Waya alipokosea, na maisha yake yote hakupata kujieleza vizuri kwa nini. Neno la kweli lilikuwa mdomoni. Alimfikiria mdogo wake, alifikiria zile nane, akautazama ule mkono.

"Mwanga ulikuwa mmoja?" aliuliza.

"Mmoja."

"Mmoja si lazima uwe wa pikipiki. Kuna magari yamekufa jicho moja."

Hakumtaja mtu. Lakini mtaani kulikuwa na gari moja tu lenye taa moja, pikapu ya yule bwana anayebeba mboga. Seremala akajipiga paja kwa mkono wa kushoto.

"Yule wa mboga! Nami nilikuwa nawasingizia watu wa pikipiki!"

Bi Waya angeweza kusema hapana. Alikohoa, akachukua bisibisi, akaanza kukaza skrubu ambayo haikulegea.

Tangu siku hiyo chakula kikawa hakipiti. Akilala anaiona ile plasta. Mkunga akija kumsalimia, Bi Waya anajitia kazi nyingi. Alijiambia mkono utapona na maneno yataisha yenyewe. Maneno hayakuisha.

Wiki ya pili dereva wa pikapu akaja mwenyewe. Alikuwa mtu mkubwa, sauti yake kwa kawaida ilisikika kabla hajafika. Siku hiyo aliongea taratibu.

"Fundi, nitengenezee hii taa iliyokufa. Nimechoka kunyooshewa vidole."

"Nani anakunyooshea?"

"Nani haninyooshei? Seremala alikuja nyumbani akaniita muuaji mbele ya wanangu. Binti yangu jana amekataa kwenda shule. Na Alhamisi hiyo wanayosema, gari langu lilikuwa juu ya mawe, tairi mbili zimetolewa! Nikisema hivyo wananiambia niache uongo, fundi mwenyewe amethibitisha." Akamtazama, bila ubaya wowote. "Nikawaambia, huyo fundi namjua, ni mtu makini. Hawezi kusema kitu asichokijua. Watakuwa wamemlisha maneno."

Balbu ilimponyoka Bi Waya ikapasuka kwenye sakafu. Akainama kuokota vigae, akakaa pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akachukua balbu nyingine, akafunga, akajaribu, ikawaka. Dereva akashukuru mara mbili. Yule bwana alipowasha gari kuondoka, Bi Waya alikimbia hadi mlangoni, akainua mkono amwite. Dereva akadhani anaagwa, akapiga honi.

Jioni hiyo alimwita mkunga, akamwambia aje na skuta. Akaisimamisha mbele ya ukuta wa kibanda, akamwambia akae juu yake kama anavyokaa barabarani, akachora mstari wa chaki usawa wa taa. Akawasha. Mwanga haukuujali mstari. Ulipanda juu ya kichwa cha mtu mzima, ukafika kwenye mabati.

"Mbona iko juu hivyo?" mkunga aliuliza.

Bi Waya akamweleza yote, kuanzia kipande cha mpira hadi jicho moja la gari. Alieleza akiwa ameutazama ukuta. Alipomaliza, mkunga alishuka kwenye skuta taratibu.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyemwangusha. Na wewe umejua wiki mbili."

"Si wewe. Ni kazi ya mikono yangu."

"Dada, kila asubuhi napita mbele ya karakana yake! Namwuliza mkono unaendeleaje, namfundisha kunyoosha vidole! Umeniacha nicheke naye wakati mimi ndiye..." Akashindwa. Bi Waya alitaka kumshika bega, mkunga akajitoa.

Hata hivyo walikwenda pamoja, usiku uleule, kwa miguu. Seremala alikuwa amekaa kwenye karakana yake kati ya mbao ambazo hazikuguswa, anajaribu kushika patasi kwa mkono wa kushoto. Bi Waya hakukubali kiti. Alipiga moyo konde akasema, na mkunga akaongeza la kwake. Seremala alisikiliza bila kukatiza. Muda mrefu alikuwa akiigeuzageuza ile patasi.

"Binti yangu," alimwambia mkunga, "wewe hukuniona. Nenda kazini kwako kwa amani." Kisha akamgeukia Bi Waya. "Taa nayo naielewa. Mimi mwenyewe nimewahi kuuza kitanda nikijua mguu mmoja haukukaa sawa. Lakini wewe nilikuja kwako na mkono huu nikakuuliza. Nilikuuliza wewe. Ukanifanya nimtukane baba mbele ya watoto wake."

"Nisamehe, mzee wangu."

"Msamaha baadaye. Vaa viatu vizuri, twende kwa yule bwana."

Walimkuta anakula na familia yake. Bi Waya alisimama sebuleni mwao, macho ya watoto wanne yakimtazama, akarudia kwa mara ya tatu siku hiyo. Mara ya tatu haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Seremala akaomba radhi yeye kwanza, tena akamwomba binti aliyekataa shule, kwa heshima, kama anavyoombwa mtu mzima. Dereva hakupaza sauti. Alisogeza sahani yake pembeni.

"Leo mchana nilikutetea," alisema. "Nimesimama kwenye kibanda chako nikakutetea."

Mke wa dereva ndiye aliyewakaribisha wakae, wakakaa.

Kesho yake kibanda kilifungwa kwa wateja wapya. Skuta ya mkunga ilipata ilichostahili kupewa tangu mwanzo: kikombe kilichosafishwa kwa kitambaa laini, waya nene, fyuzi, relei, balbu ya saizi yake, na dakika kumi za ukutani. Mwanga wake mpya haukuwa wa kushangaza mtu. Ulilala barabarani, ukaonyesha mashimo, ukaacha macho ya watu. Kisha akaanza kuwasaka wale wengine. Watano walikuja walipoitwa. Wa sita alikataa katakata, akasema ukali ule ndio aliotaka. Bi Waya alimfuata kijiweni kwake siku tatu mfululizo na bisibisi mfukoni, vijana wakamcheka, mpaka mtu yule akachoka naye akamkabidhi ufunguo. Yule mpita njia hakupatikana. Bi Waya aliuliza kwenye vituo vya mafuta, kwa mafundi wa miji ya jirani, kwa madereva wa malori. Hakuna aliyemjua.

Plasta ilipotolewa, vidole viwili vya seremala havikukunjika vizuri. Aliweza randa, aliweza msumeno. Zile nakshi ndogo za milango ya makabati aliziacha. Barabarani alimwitikia Bi Waya salamu, na Bi Waya akapita kila Jumamosi kumshikia mbao ndefu zinazohitaji mikono minne, bila kuombwa. Ulipita mwaka ndipo siku moja akamwambia, "Leo kaa kidogo, unywe chai," naye akakaa.

Mkunga alirudi kucheka na Bi Waya mapema zaidi, lakini skuta ikiharibika sasa husimama nyuma ya dada yake mpaka kazi iishe, na huangalia. Bi Waya haoni vibaya. Jioni akifunga kibanda, mwanga mkali ukitokea mbali kule kilimani, huacha kufuli linaning'inia, akasimama pembeni ya barabara akinyoosha shingo, ajue kama ni yule mpita njia.