Usaha wa Jivu: Safari ya Kwenda Ngumbo na Kurudi

Niliondoka Mbinga kwa sababu ya kikombe. Niliporudi kutoka hospitali ya misheni, shingo imepasuliwa kutolewa usaha, shemeji yangu Kastori, kaka wa mke wangu ambaye tulikuwa tunakaa kwake, alikitundika kikombe changu kwenye msumari nje ya jiko. Wenzangu wananywea vya kabatini, changu kinapigwa na vumbi. Nilikuwa nimekonda, matezi yamevimba, basi watu wakamaliza: Kosmasi ana ule ugonjwa. Hospitali walinipima wakasema sina. Watu wakasema kipimo kimehongwa.

Aliyewasha maneno hayo namtaja, simfichi. Ni Gaudensi, meneja wa farasi kule Ngumbo. Soko huria lilipofunguliwa, mwekezaji mmoja alileta farasi ufukweni ili watalii wapande. Watalii hawakuja, mwekezaji akaondoka, farasi wakabaki na Gaudensi. Mimi na mwenzangu Anzelmi ndio tuliowalisha na kuwasugua. Farasi wakavimba koo, majipu yakapasuka, tukayaosha kwa mikono mitupu. Na sisi tukavimba. Gaudensi hakutaka ofisi ya mifugo ijue, akatangaza kwamba tumeutoa ugonjwa wetu vilabuni. Wa pili wa kulaumiwa ni Tasilo. Siku hizo kila mtu alifungua duka la dawa, na yeye akafungua lake, akatuuzia vidonge vilivyokwisha muda. Anzelmi alikufa. Mimi nilipona, na sijui kwa nini nikawa mimi.

Asubuhi moja Dokta Mwanaidi alinifuata shambani. Ni daktari wa mifugo, mtu wa Tanga aliyehamishiwa kwetu. Hospitali walikuwa wamempa usaha wangu akauoteshe.

"Kaka Kosmasi, bakteria wako siwajui," akasema. "Kwenye hadubini wanajipanga kama shanga, kama jamaa zao tunaowajua. Lakini nikiwapa sukari wanazokula jamaa zao, nyingine wanazikataa. Nadhani ni aina mpya kabisa. Nikiipata hiyo hiyo kooni kwa farasi, tutajua ulikoutoa ugonjwa."

"Na watu watajua?"

"Nitawaambia kwa mdomo wangu."

"Amebaki farasi mmoja tu, Jivu. Anauma kila mtu isipokuwa mimi."

"Sasa unafikiri nimepanda mlima huu kukusalimia?"

Kutoka Mbinga tulipanda Landrova ya ofisi. Milima yetu mnaijua: kahawa karibu na nyumba, na mashimo ya ngoro yamejipanga mteremko mzima kulishika udongo. Dokta alipakata boksi la barafu kama mtoto mchanga. Kingerikiti tulisimama kupoza injini. Mama mmoja muuza ndizi akanitazama kovu, akaziweka ndizi chini badala ya kunipa mkononi. Dokta aliona. Akaziokota, akamenya moja, akaikata katikati na kunipa nusu, kisha akala yake akimtazama yule mama.

Mbamba Bay joto lilitupokea. Tukanunua barafu nyingine, tukapanda boti ya injini iliyofuata ufuko kuelekea kaskazini, magunia ya usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu, yakituegemea.

Ngumbo tulifikia kwa mama yake Anzelmi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umerudi na shingo yako. Mwenzako ameiacha hapa."

Alitupa ugali wa muhogo na samaki, akasimulia mazishi. Gaudensi alikuwa amewaambia watu wasimguse maiti. Wakamzika upesi, mifuko ya plastiki mikononi, na matanga hayakukaliwa. Hakuna mwanamke aliyekuja kulia naye.

Jioni tulikwenda kwenye zizi la farasi. Gaudensi hakuwapo, mlinzi akatufungulia. Jivu alinijua. Akaja akaweka kichwa begani kwangu, jipu limeiva chini ya taya. Nikamshika, Dokta akachukua usaha kwa vijiti vya pamba, akavifunga kwenye vichupa, akaviweka kwenye boksi la barafu. Kabla ya kulala akamwambia mama, "Hivi vitunze kama kitu chako cha thamani kuliko vyote."

Asubuhi boksi lilikuwa tupu. Mama akatabasamu, akaonyesha juu: vichupa vimelala kwenye uchaga juu ya jiko, katikati ya mahindi ya mbegu, vimepata moto na moshi mpaka kulipokucha. Kwake hapakuwa na mahali pa heshima kuliko pale. Mbegu hukaa pale tangu mavuno, wala panya wala dumuzi hawazigusi.

Dokta alivishika vichupa, akakaa chini. "Wamekufa, mama. Hawa joto linawaua."

Mama akafunika uso kwa kanga. "Nimemuua mwanangu mara ya pili."

"Kosa ni langu. Sikukueleza. Tunarudi kwa Jivu."

Langoni alisimama Gaudensi mwenyewe. "Jana mliingia kama wezi. Na wewe Kosmasi, katafute pa kufia, hapa si hospitali!"

Dokta akataja sheria, Gaudensi akacheka. Hapo mama akatupita. Akajifunga kanga kiunoni, akakaa chini mbele ya lango, akaanza kulia kilio cha msiba. Alimtaja Anzelmi kwa jina, akataja nyimbo alizoimba kanisani, akataja mikono yake iliyowaosha farasi. Wanaume waliokuwa wakishusha mbao ufukweni wakavua kofia. Kisha mwanamke mmoja akatua ndoo yake, akaketi karibu na mama. Akaja wa pili. Gaudensi akatazama huku na huku, hakuna aliyemtazama. Akaufungua mnyororo.

Tulirudi Mbinga na usaha mpya bila kulala njiani, barafu tukiibadilisha kila tulipoipata.

Majibu yalikuja baada ya mvua za kwanza. Bakteria wa Jivu na wangu walikuwa aina moja, na kwenye aina zinazojulikana hawamo. Jina bado hawana. Dokta alisema lazima wataalamu wengine wawaoteshe, wawapime, wakubaliane, ndipo waitwe jina. Nikawaza: bakteria wanangojewa hivyo, mimi nilipewa jina langu kwa siku moja.

Tulishuka tena Ngumbo, na Dokta akasema mbele ya watu wote, kama alivyoahidi. Mama akatandika mikeka uani, akaweka matanga ya mwanawe upya. Kila aliyeingia, mama alimwambia, "Karibu msibani." Hata Gaudensi alipokuja kusimama ukingoni alimwambia hivyo hivyo. Mimi nisingemkaribisha.

Nilichojifunza ni kwamba ukweli una njia ndefu, nayo hupita kwenye milango ya watu kama Gaudensi, na wakati mwingine mwenye kuufungua mlango ni mama aliyefiwa.

Nyumbani nilikuta Kastori amekirudisha kikombe changu kabatini, kimya kimya. Nilikinywea chai mbele yake. Kisha nikakiosha, nikakitundika tena kwenye msumari wake, akione kila anapotoka.