Panya wa Somo la Baiolojia

Mwalimu wetu wa baiolojia alitaka panya aliye hai, na kwetu Bugene panya wa hivyo ni wa shida, maana kila nyumba huweka sumu kulinda maharage. Baba yangu, tuliyemwita Tata, ndiye aliyenitegea. Kiharusi kilikuwa kimeua upande wake wa kushoto tangu msimu wa kahawa, lakini kwa mkono uliobaki aliegesha sufuria juu ya kijiti, akaweka chini yake kipande cha ndizi mbivu, akakaa kimya juu ya nyasi za sakafuni mpaka sufuria ilipoanguka.

"Mpelekee mwalimu," aliniambia. "Huenda wakaona ubongo ulioharibika unavyotengenezwa."

Darasani mwalimu alichora seli ya neva ubaoni: mwili wake, vitawi vifupi vinavyopokea habari, mkia mrefu unaozipeleka mbele. Alichora vizuri, hilo simnyimi. Kisha akamkamata panya, akapenyeza sindano ndefu kwenye fuvu, upande wa kulia, akaizungusha kama anayekoroga uji. Alipomwachia mezani, panya alizunguka akiburuta miguu ya kushoto.

"Seli za upande huu zinaendesha upande ule," mwalimu alisema. "Zikifa zimekufa, hazioti nyingine. Mguu haupati habari tena." Akaninyooshea chaki. "Asiyeelewa apite kwao huyu. Kuna panya mkubwa pale, anaburuta hivi hivi."

Walicheka. Hata niliyekaa naye dawati moja alicheka. Nilimchukia mwalimu yule, na ninamchukia mpaka leo, wala sioni sababu ya kuacha. Panya alitupwa katika shimo la choo akiwa bado anahema.

Jioni nilimkuta Tata mlangoni, amenyolewa ndevu, ananingoja.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Panya wamemfanyaje?"

"Wamemchoma sindano kichwani."

"Akatembea?"

Mama alikuwa pembeni akimenya ndizi. Alisimamisha kisu, akanikazia macho.

"Alitembea," nilisema.

Tata aliitikia kwa kichwa. Aliuokota mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akauweka vizuri juu ya paja, akaunyoosha vidole kimoja kimoja.

"Basi mwambie mwalimu aje na sindano yake hapa," alisema. "Mimi siogopi."