Jina Moja kwenye Fomu

Jumamosi ile kigoda cha mpiga dramu kilikuwa kitupu, na watu wazima wanne wakashindwa kuanza wimbo wao wenyewe. Walijaribu mara tatu katika chumba cha mazoezi nyuma ya karakana ya seremala. Kila mara mwimbaji, ambaye ndiye kiongozi wa bendi, aliingia mapema, kisha akamkodolea macho mpiga besi kana kwamba kosa ni lake.

Mpiga besi yalikuwa yamemfika shingoni. Mpiga dramu alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, na wimbo ule alijua ulikotoka. Kiongozi aliuleta umelala, beti ndefu kama barua ya madai ya shamba. Shemeji aliusikiliza, akauongeza kasi maradufu, na kabla ya kila kiitikio akaacha pigo moja wazi. Hapo ndipo watu hupiga kofi hadi leo. Kiongozi akalazimika kukata nusu ya maneno yake ili yaenee. Yote yalitokea alasiri moja, mpiga besi akiona.

Kisha ikaja fomu ya kusajili wimbo. Mtunzi: kiongozi, basi. Shemeji aliomba jina lake liongezwe. Kiongozi akamwambia hata anayegongelea msumari ukutani ana mapigo. Wakacheka wote. Mpiga besi alicheka pia, na kalamu ilipomfikia akatia saini kama shahidi.

Sasa zilibaki siku mbili warekodi, na kiongozi akamtuma yeye huyo huyo akambembeleze shemeji arudi. Dada yake alimfungulia mlango, akasema aliyekuwa akicheka amefika. Shemeji alikuwa akipiga pasi mashati ya wiki nzima.

“Amesema atakuweka kwenye shukrani,” mpiga besi alisema.

“Shukrani ni za waliobeba spika.” Shemeji aligeuza shati. “Yeye simlaumu sana, shemeji. Ndivyo alivyo. Wewe ulikuwepo.”

Dada mtu akauliza kusema ukweli kulihitaji nyuzi ngapi, maana besi yake ina nne tu.

Jumatatu asubuhi, badala ya kwenda studio, mpiga besi alikwenda ofisi ya usajili kuifuta saini yake. Karani alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu, akamweleza kwamba shahidi huthibitisha mtu alitia saini, si kwamba alitunga. Mpiga besi alieleza tena, polepole, hata akagonga pigo lile mezani na kuacha nafasi yake. Karani akamwomba asigonge meza.

Wimbo ulirekodiwa kwa dramu za kompyuta. Fundi mitambo aliiacha nafasi ile palepale, na fomu ikabaki na jina moja.

Shemeji siku hizi anafundisha dramu katika chuo cha ualimu, Jumanne na Alhamisi.