Kulima Mwezi wa Saba

Mjukuu wangu huyu wa kike ninayemsimulia, naye akiandika, aliletwa kwangu kutoka Kalangalala, mjini Geita, alipokuwa akiingia kidato cha tatu. Mama yake, ambaye ni binti yangu, huwauzia chakula wachimbaji, na kila jioni alikuwa akimkosa mtoto nyumbani. Leo yumo katika kibanda cha video, kesho yuko mwaloni akiwatazama watu wakiosha mchanga wa dhahabu, keshokutwa anasema alikuwa kwa rafiki. Tukakubaliana kwa simu kwamba aje kwangu, nje kidogo ya Mhunze, wilayani Kishapu, ambako tuliamini hakuna cha kumpotezea mtoto muda isipokuwa mbuzi. Ndivyo tulivyoamini, na nataka liandikwe hivyo hivyo, hata kama mwandishi ananikunjia uso.

Mimi sikusoma. Sikuwahi kuketi darasani, na labda ndiyo sababu huwa nauliza sana. Anaporudi shuleni humuuliza walifundishwa nini, na asipoweza kunieleza humwambia arudie tena mpaka mmoja wetu achoke. Kwa kawaida huchoka yeye.

Mwaka huu, akiwa kidato cha nne, mwezi wa saba alianza kupenda kulima.

"Bibi, naenda kumsaidia rafiki yangu shambani kwao."

"Kufanya nini?"

"Kulima, Bibi."

Nilimtazama. Pamba ilikuwa imekwisha kuchumwa, mabua ya mtama yalikuwa yamekwisha kuliwa na ng'ombe, na ardhi yetu nyeusi ilikuwa imepasuka nyufa za kumeza ukwato wa mbuzi. Hakuna mtu Kishapu anayelima mwezi wa saba. Mtoto aliyezaliwa huku angesema anakwenda kuchota maji, nami ningemsadiki. Uongo ule ulikuwa wa mtoto wa mjini.

"Nenda," nikamwambia.

Jioni nililichunguza jembe alilokwenda nalo. Lilikuwa safi, halina hata chembe ya udongo, na mpini ulikuwa umeng'aa kwa jasho. Kesho yake likawa vilevile, na siku zilizofuata pia. Nilifikiri ni mvulana, kama bibi yeyote angefikiri. Lakini nilijiuliza: ni msichana gani anayemwendea mvulana akiwa na jembe begani? Hasira niliyokuwa nimejiandalia ikapungua, na nafasi yake ikachukuliwa na hamu ya kujua. Siku moja nilichukua kapu, nikajifanya nakwenda gengeni, nikamfuata.

Aliishia nyuma ya ghala la pamba. Huko palikuwa na ngoma mbili na vijana wengi, kila mmoja na jembe lake. Nikaelewa mara moja: walikuwa wakicheza bugobogobo, ngoma yetu ya majembe. Zamani tulilima shamba la mmoja wetu kwa zamu, ngoma ikitupigia mwendo. Siku hizi vijana huicheza baada ya mavuno, kwa mashindano, na majembe hayagusi ardhi. Mjukuu wangu alilirusha jembe juu, likazunguka mara kadhaa, naye akageuka akalidaka kwa nyuma, wimbo haujakatika mdomoni mwake.

"Mtoto wa dhahabu!" mvulana mmoja akampigia kelele. "Hapa si machimboni, usije ukatuchimba miguu!"

"Toa mguu wako basi! Jembe langu halina breki!"

Wakacheka. Nyumbani kwangu sikuwahi kumsikia akisema kwa sauti ile.

Manju wao, yaani kiongozi wa ngoma, ambaye ni fundi wa baiskeli, aliniona, akanijia akiwa ameshika kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu mmemwokota wapi?"

"Alikuja mwenyewe, mama. Alisimama pembeni kutazama, kisha akaomba jembe. Tukamcheka." Akatikisa kichwa. "Sasa hatumcheki."

Akanikumbusha jambo ninalolijua tangu ujana wangu: katika mashindano yetu makundi mawili hucheza wakati mmoja, yakiwa yametazamana katika uwanja mmoja, na hakuna hakimu. Watu hutembea watakavyo. Kundi lililozungukwa na wengi ndilo lililoshinda. "Akirusha huyu," alisema, "watu watahama. Na mashindano ni Jumamosi ijayo."

Usiku ule mjukuu wangu alipiga magoti akaniambia lililobaki. Jumamosi hiyohiyo kidato cha nne walikuwa wanatakiwa kuwa kambini, yaani walale shuleni na kujisomea mpaka karibu na mtihani. Mwalimu mkuu alikwisha kutangaza kwamba atakayekosa siku hiyo, au atakayetoka bila ruhusa, hatapokewa tena. Hesabu zilikuwa zikimshinda, na bila kambi hakuona njia ya kufaulu. Bila yeye, kundi halikuwa na mrushaji mwingine wa kutegemewa.

"Nikataze, Bibi," akasema. "Ukinikataza nitawaambia umenikataza."

Ombi hilo lilinishangaza kuliko uongo wa kulima. Nilimuuliza niliyotaka kuyajua.

"Jembe likiwa juu, unajuaje litashukia wapi?"

"Sijui. Nikianza kufikiri, linaanguka."

"Na hesabu?"

"Hesabu zinaanguka nisipofikiri. Nami huwa sifikiri, Bibi, natazama dirishani."

"Dirishani kuna nini?"

"Ghala la pamba."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Nikamwambia kwamba sitamkataza wala sitamruhusu, na kwamba jina langu halitatumika kama ngao. Atakaowaacha, wawe mwalimu au kundi, atawaendea kwa miguu yake na kuwaambia kwa kinywa chake. Akasema mimi ni mkali. Nikamjibu kwamba hilo analijua tangu siku aliyoshuka kwenye basi.

Siku mbili jembe halikutoka nyumbani. Siku ya tatu aliniomba nimsindikize ghalani. Nikakubali kusimama mbali. Sikusikia alichosema mwanzoni, ila niliona ngoma zikinyamaza. Kisha sauti zikapanda.

"Umeogopa!"

"Mgeni ni mgeni tu!"

"Nenda kwenye madaftari yako, mama mwalimu!"

Alisimama akapokea yote. Hakutaja jina langu. Manju peke yake ndiye aliyempa mkono. Tulirudi nyumbani, na Ijumaa akabeba godoro lake kwenda kambini.

Jumamosi nilikwenda uwanjani. Nilitaka kuona uamuzi wa mtoto unafika wapi. Mwanzoni watu walijigawa sawasawa. Msichana aliyewekwa mahali pake alirusha vizuri, hakuangusha, lakini alikuwa akitazama juu muda wote kwa hofu, na watazamaji huiona hofu. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, halafu wakakimbia, vumbi likatufunika. Upande wetu tulibaki akina mama wa wachezaji, vitoto vichache, na mimi, ambaye sikuwa mama wa yeyote pale.

Jumapili wazazi waliruhusiwa kutembelea kambi. Nilimpelekea michembe ya viazi vitamu na karanga. Aliniamkia, na kabla sijaketi akauliza:

"Watu walihamia wapi, Bibi?"

"Upande wa pili."

"Wote?"

"Karibu wote."

Akalia, nikamwacha alie. Sikumwambia kwamba alichagua vizuri, kwa sababu sijui. Mtihani haujafika, na kundi halijamsamehe. Hata leo, alipopewa ruhusa ya siku moja kuja nyumbani, alipita ghalani na hawakumwita mtoto wa dhahabu wala jina lingine lolote.

Jumapili ile, alipokwisha kujifuta uso, nilimwambia anionyeshe hizo hesabu zilizotugharimu hivyo. Akachukua kijiti, akachora mavumbini pembetatu, akaongeza mstari katikati.

"Huo umetoka wapi?" nikamuuliza. "Mwanzo haukuwepo."

"Nimeuchora mimi, Bibi. Bila huo haifunguki."

"Nani alikuambia upite hapo?"

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, hakutazama upande wa ghala wala popote. "Ngoja," akasema, akafuta kwa kiganja, akaanza tena polepole, nami nikasogeza karibu kigoda nilichopewa.