Benchi Isiyo na Mgongo

Kanisani kwetu Burungu kuna benchi moja isiyo na mgongo. Iko nyuma kabisa, karibu na mlango, pale upepo wa mlimani unapoingia bila kubisha hodi. Hiyo njo benchi ya disipline. Ukikamatwa na zambi, wazee wa kanisa wanakutangaza, unahamia pale, hauimbi, haukaribii meza ya Bwana, mpaka siku utakayopiga magoti mbele ya watu wote na kutubu.

Dada yangu mkubwa alihamia pale alipopata mimba. Alikuwa sauti ya kwanza ya korali. Akianza wimbo, hata wachunga ng'ombe waliokuwa nje walisimama kusikiliza. Aliyempa mimba hakuhamia popote. Alibaki mbele, mahali pake pa kila Jumapili, akipiga ngoma ya korali. Na usifikiri watu hawakujua. Burungu ng'ombe akikohoa leo, kesho wanakuuliza kama amepona.

Mama, anayeuza maziwa na hapendi kelele, alituambia, "Munyamaze. Mutoto akizaliwa, dada yenu atatubu, itaisha."

Maana hiyo ndiyo sheria: mama asipotubu, mtoto wake haombewi mbele ya kanisa. Dada alitaka mtoto aombewe kama wengine, na yeye arudi kuimba. Basi. Mimi nilitaka na kingine: yule mpiga ngoma naye aonje baridi ya mlango.

Shuleni, prof, mwalimu wetu wa sosiolojia, alikuwa anatuandikisha katika madaftari: mkosaji ni yule anayevunja kanuni za kundi, na kundi linamrudisha kwa azabu ao kwa haya. Nikanyoosha kidole.

"Prof, wakivunja wawili pamoja, na kundi likaona mmoja tu, hilo kundi linaitwa namna gani?"

Darasa lilicheka. Prof akajua ni benchi gani ninaisema, maana naye anasali pale pale, upande wenye mgongo.

"Linaitwa weye utoke inje."

Nikatoka. Nje ndiko nilikofikiri vizuri zaidi.

Jumapili nikapita viti vya vijana, nikaenda kukaa kando ya dada. Mzee wa kanisa anayepanga watu akaja mbio, viatu vikilia.

"Weye binti, uko na zambi gani?"

"Sijachagua bado, Papa Muzee."

"Simama! Hapa si pako."

"Basi munitangaze."

Atatangaza nini? Ile benchi ilikuwa na nguvu kwa sababu kila mtu aliikimbia. Mtu akija mwenyewe, inabaki ubao tu. Jumapili iliyofuata walikuja rafiki zangu wa darasa, halafu wengine, tukabanana mpaka dada akacheka, yeye ambaye hakuwa amecheka tangu watangaze jina lake.

Nyumbani Mama alinipokea na kelele zote alizokuwa amekataza. "Unataka kuniua kwa haya?"

"Haya iko ya bantu babili, dada na ule mupiga ngoma, Mama. Juu ya nini weye unaibeba yote?"

Mama aliendelea kusafisha bidoni za maziwa, lakini polepole.

Mtoto alizaliwa mvulana, na masikio ya mpiga ngoma kabisa, yametoka kando kama ya mbuzi anayesikiliza. Masikio kama hayo hayahitaji mashahidi.

Siku ya kutubu ikafika. Dada alitoka nyuma, mtoto mikononi, akapita katikati ya watu wote mpaka mbele.

"Piga magoti," mzee akasema.

Dada akaangalia simenti, akaangalia mtoto, akageukia korali. Akasema kwa adabu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Kaka, shika mutoto kwanza. Siwezi kupiga magoti na kubeba."

Mpiga ngoma aliangalia huku na huku kama kuna kaka mwingine. Fimbo moja ya ngoma ikamwanguka. Angefanya nini? Akapokea. Masikio na masikio, uso kwa uso, mbele ya kanisa zima. Mtu akacheka. Nilikuwa mimi, lakini sikucheka peke yangu.

Dada akapiga magoti.

"Unatubu zambi yako?"

"Yangu ninatubu, Papa Muzee. Ile ingine iko na mwenyewe."

Mzee akamwangalia pasta. Pasta akaangalia Biblia. Dada hakungoja watafute maneno. Akasimama, akavuta pumzi, akaanza wimbo. Ngoma haikulia, mwenyewe mikono ilikuwa imejaa. Basi sisi wa nyuma tukapiga benchi kwa viganja. Kumbe inalia vizuri! Mbele, wa kwanza kuitikia alikuwa Mama. Ndipo pasta akashuka, akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, pale pale mikononi mwa baba yake, akamwombea.

Mpaka leo hakuna aliyetangaza kama disipline ya dada imeisha. Yeye anaimba tu. Jumapili iliyofuata wazee walimtuma mpiga ngoma nyuma. Alifika kwetu kichwa chini.

"Musogee kidogo," akasema.

"Imejaa, kaka," nikamwambia. "Rudia kule mbele, ukae na mutoto. Watu bote bakuone."