Gari la Erasmo liko mbele ya foleni, abiria wanapanda la nyuma

Ni saa kumi na mbili asubuhi na jua ndiyo kwanza linachungulia nyuma ya milima. Katika stendi ya Liuli, kando ya ziwa, Erasmo Haule ameinua kiti cha mbele cha kipanya chake, gari dogo la abiria, maana injini ya kipanya hukaa chini ya makalio ya watu. Anachungulia maji. Anafuta kizibo cha rejeta kwa kitambaa, anakifunga, anakifungua tena kukagua kama amekifunga vizuri.

Gari lake ni la kwanza kwenye foleni. Kwa utaratibu wa stendi, la kwanza ndilo linalojaza.

Mama mmoja anakuja na ndoo ya usipa, dagaa wa ziwani, kichwani. "Mbinga, mama! Karibu, viti vyote vyako," anaita Erasmo. Mama anamsalimia vizuri, anamuulizia watoto, kisha anapita. Anakwenda kusimama kando ya gari la pili, ambalo dereva wake bado yuko kwa mama ntilie anakunywa chai na hata mlango hajafungua.

"Umeona?" Erasmo anasema, anashusha kiti taratibu. "Si kwamba ananichukia. Kaniuliza mpaka mtoto wangu wa mwisho kama kapona kikohozi. Lakini kupanda, hapandi."

Upande wa pili wa stendi kijana wa bodaboda anapaza sauti: "Raha ya Milele inapakia!" Wenzake wanaitikia kwa pamoja, "Umpe ee Bwana!" na kuangua kicheko. Hilo ndilo jina walilolipa gari la Erasmo, kutoka kwenye sala ya kuwaombea marehemu. Erasmo anasema mwanzoni alikuwa anacheka nao, akidhani watachoka.

Erasmo ana miaka arobaini na sita. Alizaliwa hapa hapa Liuli kwenye familia ya wavuvi, na kwa miaka mingi alikuwa na mtumbwi wake wa mbao. Miaka miwili iliyopita aliuza mtumbwi na nyavu, mkewe Herieth akatoa mtaji wake wote wa usipa, wakanunua kipanya kwa shilingi milioni tisa kutoka kwa mtu wa Songea. Kilikuwa kimetumika sana, lakini kilinguruma vizuri.

"Siku tunakwenda kulikagua tulilikuta limeshawashwa, lina joto," anakumbuka Herieth. "Mimi sijui magari. Nikamuuliza mwenye gari, mbona umeliwasha kabla hatujafika? Akasema, mama, nimewaandalia. Nikamshukuru! Jamani, nilimshukuru."

Kwa mwaka mmoja na nusu gari liliwalisha. Siku nzuri, baada ya mafuta, Erasmo alirudi na shilingi elfu arobaini. Watoto walisoma na nyumba ilipata bati mbele na nyuma. Ikaja safari ya Juni.

Juni hiyo alifariki Alphonce, seremala aliyekuwa anaishi Liuli lakini kwao ni Mbuji, kule juu kwenye kahawa. Ndugu walitaka akazikwe kwao. Wakamkodi Erasmo, kwa kuwa alikuwa na sifa ya kuendesha kwa adabu. Akatoa viti vya katikati, jeneza likalazwa hapo, mjane Hedwiga akakaa pembeni yake, na ndugu wengine wakajibana palipobaki.

Barabara ya kutoka ziwani kwenda Mbinga siku hizi ni ya lami, lakini lami haikuupunguza mlima. Ni kona juu ya kona, na kila kona inadai. Walipofika katikati ya mlima, mshale wa joto ukapanda. Erasmo akasimama kando. Mvuke ukatoka chini ya kiti.

Hapa ndipo inapouma, kwa sababu Erasmo alijua la kufanya. Dereva yeyote wa mlima ule anajua. Injini ikichemka unaiacha. Unakaa kwenye majani, unangoja mpaka uweze kuishika kwa mkono, ndipo unaongeza maji. "Niliwaambia, ndugu zangu, tupumzike kama saa moja hivi. Wakanitazama kama nimewatukana."

Mdogo wa marehemu, Bernadi, ndiye aliyesema. Mwandishi alimpata kwa simu akiwa Mbuji, na hakuyakana maneno yake. "Nilimwambia dereva, maiti hailazwi njiani. Padri alikuwa anatungoja kwa misa ya saa nane, kaburi lilikuwa limechimbwa, na watu wa vijiji vitatu walikuwa pale. Ungekuwa wewe ungesemaje?"

Methali ya haraka na baraka kila mtu anaijua. Lakini jaribu kumwambia mtu aliyefiwa.

Wakati wanabishana, wanawake wa nyumba za jirani walisikia kilio. Katika milima hii msiba ukipita mlangoni huuangalii tu mikono mitupu. Walipoona gari linatoa mvuke, wakajitwisha ndoo za maji kutoka kwenye kijito na kuja nazo mbio, wengine wakilia bila hata kumjua aliyekufa. Maji ya mlimani, mwezi wa Juni! Ukinawa uso asubuhi meno yanagongana.

"Wale akina mama walisimama mbele yangu na ndoo," anasema Erasmo. "Mmoja alishapiga goti. Ningewaambia nini? Nirudishieni maji yenu? Nikafungua, nikamimina."

Kilisikika kishindo kimoja, "ta!", kama chungu kinapopasuka motoni. Baada ya hapo gari halikuwaka.

Wanaume walilishusha jeneza wakalibeba mabegani kupanda mlima, mpaka walipopata gari la mahindi lenye nafasi. Walifika Mbuji jua limezama. Padri alikuwa ameshaondoka kwenda kigango kingine. Alphonce akalala ndani usiku mwingine, akazikwa kesho yake.

Tangu siku hiyo ilianza habari kwamba gari lililomlaza maiti njiani litadai mwingine. Imani hiyo ilitoka wapi? Mwandishi aliuliza. Wanyasa wa stendi walisema ni mambo ya Wamatengo wa huko juu. Wamatengo wa Mbinga walisema hawajawahi kuyasikia, hayo ni mambo ya watu wa ziwani. Watu wa pande zote mbili, hata hivyo, hawapandi.

Kipanya kilivutwa mpaka gereji moja mjini Mbinga, kwa fundi Nicholaus, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Alisema ni gasketi, laki mbili na ushee, siku mbili tatu tu. Herieth akauza alichokuwa nacho. Fundi akafungua, akaita.

"Nilimuonyesha oili," anasema Nicholaus. "Ilikuwa kama chai ya maziwa. Maana yake maji yameshaingia. Nikamwambia, mzee, hapa silinda hedi, kichwa cha injini, imepasuka."

Ikatafutwa hedi iliyotumika, Songea. Ikafungwa, injini ikawashwa, ikagonga. Ikafunguliwa tena. Safari hii ni piston. Baada ya piston ni wota pampu. Kila simu ya gereji ilianza kwa maneno yale yale: "Mzee, tumekuta kitu kingine."

"Fundi anakutajia bei ya kufungua, hakutajii bei ya kufunga," anasema Herieth kwa uchungu. "Mimi nilifika mahali simu ikilia namwambia mume wangu, Baba Katarina, pokea nje, sitaki kusikia."

Mwishowe Nicholaus mwenyewe akakata shauri kwamba ni kutupa fedha kwenye shimo, ni bora injini nyingine. Nayo ni ya mtumba. Kwa jumla zilikwenda zaidi ya milioni nne, na kati ya hizo nyingi ni za kukopa kwa ndugu. Bati za mbele za nyumba zimeng'olewa zikauzwa. Familia inalala vyumba vya nyuma.

Lakini kuna jambo Nicholaus alilikuta ambalo anasema bado linamnyima raha. Ile hedi ya zamani, alipoisugua, aliona gundi ya chuma. Ilikuwa na ufa siku nyingi, mtu akauziba, akaupaka rangi.

"Aliuziwa mbuzi kwenye gunia," anasema fundi. "Mgonjwa kapakwa poda, akawashwa mapema ili mnunuzi asione anavyokohoa akiwa baridi. Hata wale akina mama wasingeleta maji, ile injini ingekufa tu, wiki ile au wiki iliyofuata. Nimemwambia Erasmo mara nyingi. Nadhani hanielewi."

Erasmo anaelewa sana, tatizo ni kwamba haimsaidii. "Wiki iliyofuata ningekuwa nimebeba mihogo," anasema. "Mihogo ingelala njiani, nani angeniuliza?"

Gari lilirudi barabarani mwishoni mwa Septemba. Sasa ni Novemba. Linapanda mlima bila kuhema, mshale hauvuki nusu, na halina watu. Siku nyingi Erasmo anabeba mihogo na matofali, mizigo isiyouliza jina la gari, na jioni anabaki na elfu saba, mara nyingine elfu tano. Mzigo hautoshi kulipa madeni. Wasiporudi abiria kabla ya Krismasi, anasema, atalazimika kuliuza kwa bei ya chuma, na mtumbwi hana tena.

Ndiyo maana tumaini lake lote liliwekwa kwa mtu mmoja. Jumamosi wiki ijayo familia ya Alphonce inakwenda Mbuji kusimika msalaba kaburini, kabla mvua hazijashika. Mjane atapanda kutoka Liuli. Erasmo alimtuma Herieth akamwombe asafiri na gari lao, bure. Hedwiga angepanda pale stendi, asubuhi, watu wote wakiona, nani tena angekuwa na la kusema?

Herieth alikwenda mara mbili. Mara zote alikaribishwa uji, hakupewa jibu.

Mwandishi alimkuta Hedwiga nyumbani kwake, mlango wa karakana ya marehemu bado una kufuli. Baada ya shikamoo na marahaba, aliulizwa moja kwa moja kama atapanda.

"Watu wanasema nimelilaani lile gari. Mimi? Nilaani chuma?" alisema. "Sina kinyongo na yule baba. Angekuwa mlevi ningemchukia, nikapumzika. Lakini nilikuwa nimeweka mkono juu ya jeneza, mwanangu. Ule mlio ulipita mkononi mwangu. Nikikaa mle nitausikia tena. Mwambie anisamehe, sipandi."

Akamsindikiza mwandishi mpaka uani. Hapo akasimama, akaonyesha mbao mbili ndefu zilizofunikwa turubai. Ni msalaba wa mninga, wa mbao alizoziacha Alphonce mwenyewe, jina lake limeshachongwa.

"Huu hauingii kwenye basi," alisema. "Nao aubebe yeye, tena atoze nauli yake. Simpi mwingine."

Jioni Erasmo alipokea ujumbe huo akiwa ameketi kwenye ngazi ya kipanya chake. "Kwa hiyo hapandi," alisema. Akarudia, "Hapandi." Machozi yakamjaa machoni, wala hakuyaficha. Herieth akaja kukaa karibu yake, akamshika bega.

Erasmo akauliza msalaba una urefu gani. Alipoelezwa, akageuka kuangalia ndani ya gari, akipima kwa macho, akasema viti vya katikati itabidi vitoke.

Je, abiria watarudi baada ya hapo? Erasmo anasema hajui, na mwandishi pia hajui. Nauli hatapokea, amesema, na safari haitakuwa Jumamosi na wengine. Ataondoka Ijumaa alfajiri, peke yake, ili mlima ukitaka siku nzima aupe.

"Nilikodiwa nimfikishe Alphonce kwao," anasema. "Mpaka leo sijamfikisha."