Kopo Moja la Rangi

Mwanangu Sheila, yule msichana mweupe kwenye kile kipande cha filamu ulichokitupa kwenye kundi la familia la simu ni mimi. Nilikujibu kwamba si mimi, ni mtu tu mwenye pua kama yangu, na mama yako akacheka akasema pua hiyo Mungu aliitengeneza mara moja akachoka. Nimelikana jambo hilo tangu kabla hujazaliwa. Nimeandika makala nikiwakemea watu wanaotunga filamu kuhusu sisi kisha wakatafuta mweupe wa kuwa sisi. Nimealikwa vyuoni nikalizungumzia mbele ya chai na mandazi, kwa sauti ya mtu aliyelisoma vitabuni. Kumbe mimi jambo hilo nilipakwa usoni.

Ningeendelea kukana kama usingeongeza, "Anti, nimemtumia nyanya pia, aone." Tangu hapo simu ikilia nashtuka. Mama yangu, tangu atolewe mtoto wa jicho, anaona kunishinda. Kabla hajapiga, na kabla wewe hujaenda kwenye huo usaili wako wa waigizaji, acha nikueleze.

Siku yenyewe naikumbuka kwa joto lake. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nina shahada na sina kazi, naishi kwa mama Makadara. Kampuni ya filamu kutoka ng'ambo ilikuja kutengeneza hadithi ya mwanamke wa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, kibarua wa kiwandani, anayewaongoza wenzake kugoma. Niliposimuliwa hadithi hiyo nilimwona mama ndani yake mwanzo hadi mwisho: kutoka alfajiri kwa miguu, kusimama langoni kungoja kuchaguliwa, kurudi jioni na unga wa biskuti kwenye nyusi. Nikajiambia, mwanamke huyu ataigizwa na mmoja wetu. Pengine na mimi. Shahada yangu ilikuwa ya fasihi, mwanangu, na mtu mwenye shahada ya fasihi huamini mambo mengi.

Aliigizwa na Mzungu. Alikuwa mpole, simlaumu sana. Wenye filamu walisema watazamaji wa kwao hawatalipa kumtazama mtu wasiyemjua. Wakamsokota nywele, wakafungua kopo la rangi ya chai yenye maziwa mengi, wakampaka awe mtu wa huku. Mimi nikapewa kazi ya kusimama mahali pake. Usicheke, ni kazi halali. Taa za filamu huchukua muda kupangwa, na nyota hawezi kusimama juani akingoja, kwa hivyo hutafutwa mtu wa urefu wake asimame pale mafundi wakihangaika. Urefu wetu ulilingana. Rangi haikulingana, na taa zilipangwa kufuata rangi ya uso. Wakafungua kopo lile lile.

Hebu liwazie hilo. Kopo lililomtia Mzungu weusi ndilo lililonitia mimi weupe. Yeye alishuka, mimi nikapanda, tukakutana kwenye chai ya maziwa. Walinipaka uso, shingo na mikono. Miguu waliiacha, kwa kuwa kamera haikufika huko.

Nilijitazama kwenye kioo cha dada aliyenipaka. Niseme ukweli? Niliupenda ule uso. Hata leo naogopa kulitamka hilo kuliko kuizungumzia filamu yenyewe. Mafundi waliokuwa wakinipita bila salamu wakaanza kunishikia mwavuli. Sammy, kijana wa mtaani aliyekuwa akitupanga, na ambaye hadi wakati huo aliniita "wewe", akaanza kuniita madam. Kisha akaninong'oneza kwamba mwongozaji ameona nikipakwa nafanana na nyota, na huenda nikapewa nafasi ya kuwa mdogo wake kwenye hadithi, hata nikatiwa maneno kinywani. Sharti lilikuwa nibaki na ile rangi.

Asubuhi ya kupiga picha za mgomo, lori lilileta akina mama wenyewe kutoka langoni mwa kiwanda, wawe umati nyuma ya nyota. Walishuka na overoli zao na gambuti zao za mpira, wakitaniana. Nilikuwa nimesimama mahali pangu, taa zikiniwakia usoni, nikaona kitambaa cha kichwa cha buluu. Nilikuwa nimekifua mwenyewe Jumamosi.

Mama alidhani niko ofisini mjini natafsiri barua. Ndivyo nilivyomwambia.

Niliogopa kitu kimoja: kwamba ataita "Nekesa!" kwa ile sauti yake ya kuwaita watu kutoka ghorofani, na wote wajue yule wa rangi ya chai ni mtoto wa yule wa overoli. Nikageuza uso kidogo. Fundi wa taa, naye Mzungu, akalalamika kwa lugha yao, na Sammy akanigeukia. "Madam, ambia hao wamathe wasonge nyuma. Wanameza taa."

"Tunameza nini?" mmoja wa akina mama akauliza.

"Taa, mathe. Ngozi zenu ni nyeusi sana, taa inaingia hairudi."

"Ai! Sisi tumeze taa, na chai ya asubuhi hatujameza!"

Wakacheka wote. Sammy alikuwa bado ananitazama. Nikainua mkono wangu wa kupakwa, nikaelekeza ukutani, nikasema kwa Kiswahili cha mtangazaji wa redio, "Akina mama, tafadhali sogeeni nyuma." Mama alikuwa mbele kabisa, karibu kiasi cha kunigusa. Akanitazama usoni, akatazama chini, akanitazama usoni tena.

"Tufike wapi, madam?" akauliza. "Hapa, ama kule ukutani?"

"Kule ukutani," nikasema.

Akaenda.

Nilikuwa nimeogopa ataniita jina. Hakuniita, na hapo ndipo hofu kubwa ilipoanza. Mtu aliyenizaa amenitazama mchana na hakunijua. Basi mimi ni nani? Nilimaliza siku nimesimama chini ya taa za kuchoma. Jioni maji yalikuwa yamekatika, nikajisugua nyuma ya hema kwa kitambaa na mafuta ya kupikia hadi ngozi ikawasha. Nyumbani mama alipakua ugali na sukuma, akauliza, "Kazi ya barua ilikuwaje?" Nikasema nzuri. Yeye hakutaja filamu hata kidogo. Nami nikaogopa kuuliza, kwa sababu majibu yalikuwa mawili tu na yote yalinitisha: kwamba hakunijua, au kwamba alinijua.

Nafasi ile niliipata, kwenye mgomo ule ule. Ndicho kipande ulichokiona. "Dada, usiende," namwambia Mzungu, na hayo ndiyo maneno yangu yote. Shahada nzima iliishia hapo. Nyuma yetu kuna giza, na ndani ya giza kuna doa la buluu. Ukiisimamisha picha utaliona. Mimi nimeisimamisha mara nyingi. Lile doa ni nyanya yako. Katika filamu ya maisha yake, yeye ni doa.

Baadaye fundi mwingine wa taa alinieleza kwamba ngozi haimezi kitu. Ingeongezwa taa upande wa ukuta, kila mama angeonekana hadi makunyanzi ya kicheko. Hawakuiongeza kwa sababu waliyetaka aonekane alikuwa anaonekana tayari.

Sasa turudi kwako. Siku hizi kopo halihitajiki. Ulinionyesha picha uliyowatumia watu wa usaili, nikauliza huyu ni nani, ukasema, "Ni mimi, Anti, simu imening'arisha tu kidogo." Nikatabasamu, lakini nilikikumbuka kile kioo cha siku ile. Sikukatazi kuigiza. Una kipaji ambacho mimi sikuwa nacho, nenda. Ila watumie picha ya uso wako wenyewe. Wakikuambia taa hazikupati, waambie kwa adabu waongeze taa. Wakikuweka mbele, kabla hujafurahi geuka uone ni nani ameambiwa asogee nyuma kwa ajili yako, na kama unamjua, mwite kwa jina, watu wasikie. Ukinyimwa kazi kwa hilo, njoo kwangu Donholm, tutapika chapati na kuwasengenya hadi moyo utulie. Na ikitokea umekwisha kupakwa, uliza mapema lile swali unaloliogopa. Mimi nilingoja hadi nikaota mvi.

Nilikuwa natafuta baraka ya kumalizia barua hii, kitu chenye uzito unaofaa umri wangu, simu ikalia. Ilikuwa mama. Niliiacha ilie hadi karibu ikatike, kisha nikapokea.

"Nekesa. Sheila amenitumia picha yenu."

"Nimesikia, Mama."

"Lile gauni halikukukaa."

Upande wake kuku walikuwa wakilia. Nikashika simu kwa mikono miwili. "Mama, siku ile ulinijua?"

"Walikupaka uso wakasahau miguu. Miguu hiyo ni ya baba yako. Ningekosaje kuijua?"

"Mbona basi uliniita madam?"

"Ulinitazama kama mtoto aliyevunja kikombe. Nikasema, huyu anaogopa nitamharibia kazi. Nikakusaidia."

Nikavuta kamasi.

"Sasa unalia nini? Kule ukutani kulikuwa na kivuli, ni nyinyi mliochomwa na taa." Akacheka, akakohoa, kisha sauti yake ikatulia. "Lakini siku nyingine uniite mama, hata nikiwa nyuma. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Haya. Mungu akutunze na uso wako huo, na huyo Sheila naye amtunze na wake. Salio linaisha."

Ikakatika.